Mikanda minane stoo, dogo yuko chini: uchambuzi wa ajali moja ya saiti

Ripoti niliyosaini ilikuwa na mistari minne tu, na wa mwisho ulisema chanzo cha ajali ni uzembe wa mfanyakazi, hakuvaa mkanda wa usalama. Chini pana jina la foleman, halafu jina langu kama shahidi. Kitu ambacho hakikuandikwa ni kwamba mikanda ilikuwepo, minane, mipya kabisa, bado iko ndani ya nailoni zake, imening'inia stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu mimi.

Nimeshahama saiti kama nne hivi toka pale. Ila kila nikisikia mtu anasema "hawa vijana hawapendi kuvaa vifaa, wabishi" narudi kwenye ile asubuhi, maana huyu kijana aliomba. Nitafika huko.

Saiti yenyewe ilikuwa ghorofa nne, nyumba ya kupangisha, hapa hapa Dar. Kandarasi alikuwa amesajiliwa Bodi ya Makandarasi, bango lipo nje limesimama vizuri, na kwenye makaratasi ya OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, tulikuwa tumekaa sawa. Waajiriwa wenye mishahara tulikuwa saba. Waliobaki wote vibarua, siku za kawaida arobaini, siku ya zege wanafika hata sabini. Lipu ya nje alikuwa kapewa sabu mmoja, yani kandarasi mdogo chini ya kandarasi wetu, na sabu akapatana na mafundi wake kwa mita ya mraba, sio kwa siku. Hapo pa mita ya mraba pakumbuke.

Tulikuwa tunatumia majukwaa ya mirunda, yani miti mirefu ya kujengea, kama saiti nyingi za saizi ile. Mirunda inasimamishwa, inapigiliwa misumari na nyingine za kulala, juu yake zinalazwa mbao za inchi mbili kwa kumi, fundi anasimama hapo na mwiko wake na saidia anamletea mota kwa ndoo. Mimi sina ugomvi na mirunda kama mirunda. Nimeona jukwaa la mirunda lililofungwa na mzee anayejua kazi yake, unacheza ngoma juu na halitikisiki, na nimeona skafoldi ya chuma imesimamishwa juu ya matofali mawili inayumba kama mlevi. Shida ni nani amelifunga, nani kalikagua leo asubuhi, na nani ana ruhusa ya kugusa mbao zake.

Sasa ile siku. Jumanne tulimwaga zege la slabu ya juu, tumeanza saa nne asubuhi tumemaliza saa tano na nusu usiku. Jumatano saa moja na dakika kama kumi asubuhi, Dogo (saiti nzima tulikuwa tunamwita hivyo, jina lake halisi silitaji) alipanda jukwaa la nyuma na ndoo ya mota begani. Urefu kama mita saba toka chini. Akakanyaga ncha ya ubao, ubao ukanyanyuka upande wa pili kama pembea, fundi wake alikuwa amempa mgongo akasikia ndoo inagonga mrunda, kugeuka haoni mtu.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo nahesabu sepeto.

Tuanze na ubao wenyewe. Jukwaa lile jana yake mchana lilikuwa na mbao tatu kwa upana, zimebanana. Asubuhi lilikuwa na mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa imesogezwa, ncha yake inachungulia nje ya mrunda wa kulala kama futi mbili na nusu hivi, haijafungwa wala haijapigiliwa. Kanuni ya zamani ya mafundi wa majukwaa inasema ncha ya ubao isichungulie zaidi ya mara nne ya unene wake, yani ubao wa inchi mbili mwisho inchi nane. Ukizidisha hapo umetega mtego. Anayepanda haoni kitu, anaona ubao tu umelala kama mbao nyingine, mpaka aweke uzito kwenye ncha.

Nani aliusogeza? Seremala wa fomu, zile mbao zinazoshikilia zege bichi mpaka likauke. Na hakuwa mpumbavu, nataka hili lieleweke. Saa nne usiku katikati ya zege, fomu ya biimu moja ikaanza kutumbua tumbo, na wote mliowahi kusimama chini ya zege bichi mnajua maana yake, ikipasuka pale inashuka na watu. Hakukuwa na mbao za akiba, injinia alikuwa ameshaondoka, jamaa akakimbia nyuma akachomoa ubao mmoja kwenye jukwaa, akausogeza mwingine ili kupata nafasi ya kuuchomoa, akarudi akapiga tegemeo, fomu ikatulia. Usiku ule kuna watu wako hai kwa sababu yake. Tena alikumbuka. Kabla hajalala alimwambia mlinzi, "mzee, kesho asubuhi mwambie foleman jukwaa la nyuma nimetoa ubao, wasipande." Mlinzi akasema sawa. Zamu ya mlinzi inaisha saa kumi na mbili, foleman aliingia saa moja kasoro dakika chache. Ujumbe ukaenda nyumbani na mlinzi.

Kama pangekuwa na kikao cha asubuhi, hata cha dakika tano, watu wamesimama wamezunguka pale kwenye tenki la maji na mtu anauliza tu "jana usiku nani kagusa nini?", seremala angesema, kwa sababu alikuwepo, alilala saiti. Vikao tulikuwa navyo, kila Jumatatu, na ajenda ilikuwa moja, wachelewaji. Halafu kulikuwa na dalili wiki moja kabla. Ubao ule ule wa nyuma ulimyumbisha fundi mmoja, kopo la maji likadondoka chini, tukacheka sana, mtu akasema "leo ulitaka kutuachia msiba". Hakuna aliyeandika popote. Hakukuwa hata na daftari la kuandika, na kama lingekuwepo sijui nani angejipeleka kuandika kitu kinachomfanya aonekane mwoga mbele ya wenzake.

Hapo ndo naingia mimi.

Mikanda ile ilinunuliwa kwa ajili ya ukaguzi. Bosi alinikabidhi akasema, na namkumbuka neno kwa neno, "hivi ni ghali, kikipotea kimoja nakata kwenye mshahara wako." Mshahara wangu ulikuwa hauwezi kununua hata miwili. Kwa hiyo nilifanya ambacho mtunza stoo yeyote angefanya, nilivitunza. Siku ya ukaguzi nilivigawa, wakaguzi wakaondoka, nikavikusanya, nikahesabu minane, nikafunga mlango nikashusha pumzi. Na kwenye makaratasi mwakilishi wa usalama na afya wa ile saiti alikuwa nani? Mimi. Nilipewa riflekta imeandikwa SAFETY mgongoni. Mafunzo sikupewa hata ya nusu siku.

Wiki mbili kabla ya ajali Dogo alikuja dirishani. Alikuwa mgeni, ana siku ya tatu au ya nne pale. Akasema, "Stoo, shikamoo, naomba mkanda, nimeambiwa naenda juu." Nikamjibu kwa sauti ili na wengine wasikie, "Marahaba. Mkanda wa nini, unaenda mwezini?" Watu wakacheka, naye akacheka, akachukua ndoo yake akaenda. Hakurudi kuomba tena.

Nimefikiria sana juu ya hilo jibu. Watu wanaongelea mafunzo ya usalama kama kitu cha ukumbini, projekta na soda. Dogo mafunzo yake aliyapata pale dirishani kwa sekunde kumi. Alifundishwa kwamba saiti hii anayeomba mkanda anachekwa, na mwenye kumfundisha ni mwakilishi wa usalama.

Ila nisijipakazie yote wala nisiupe mkanda sifa isiyo yake, maana hata ripoti ile ilifanya kosa hilo. Tuseme ningempa. Angeuvaaje, na angeufunga wapi? Mkanda bila pa kufungia ni pambo. Mrunda wa kulala uliopigiliwa misumari miwili haushiki mtu anayeanguka, unakuja naye. Halafu ile yetu minne kati ya minane ilikuwa ya kiunoni tu, sio ya mwili mzima yenye mikanda ya mapajani na mabegani, na mkanda wa kiunoni ukikukamata ghafla unaweza kukuvunja mgongo kabla ya ardhi. Na piga hesabu ya urefu, kamba mita mbili, kile kifyonza mshtuko kinarefuka, jumlisha urefu wako mwenyewe, ukiwa umeifungia usawa wa miguu yako unahitaji karibu mita sita tupu chini yako ndo usiguse ardhi. Sisi tulikuwa na saba, na chini kuna mirunda imelala hovyo. Kilichotakiwa pale kwanza ni mbao tatu zilizofungwa, kizuizi usawa wa kiuno upande wa nje, kingine katikati, na kibao cha chini cha kuzuia vitu visidondoke. Mirunda minne mingine na misumari kilo moja. Gharama yake ni ndogo kuliko mkanda mmoja. Mkanda unakuja baada ya hayo, na ripoti ikianza na mkanda ujue mwandishi hataki uangalie jukwaa.

Kuna na upande wa mwili wa Dogo mwenyewe, ambao ulikuja kujulikana tukiwa hospitali. Alikuwa amebeba zege mpaka mwisho usiku ule, akaona kurudi kwake Chanika na kuamka tena alfajiri haina maana, akalala juu ya mifuko ya simenti, usingizi wenyewe masaa kama matatu hivi. Asubuhi hakunywa chai. Mama ntilie wetu alikuwa amemfungia, anadaiwa elfu kumi na saba, na sio kwamba ni mlaji sana, malipo ya Jumamosi yalikuwa yamesogezwa mara mbili mfululizo. Mama mwenyewe alilia, akawa anasema "mwanangu ningejua ningempa hata uji". Simlaumu hata kidogo, na yeye ana mtaji wa ndoo mbili za maharage. Na kwa nini Dogo alipanda akiwa hivyo badala ya kulala mpaka saa nne? Mita ya mraba. Fundi wake asipopiga ukuta ule siku ile hali, na saidia asipobeba anatafutwa saidia mwingine getini, wapo kumi wamekaa kwenye tofali wanasubiri.

Alidondokea pembeni mwa lundo la mchanga, kwa miguu. Tulichofanya hapo naona aibu kukiandika. Wanne wakamshika mikono na miguu wakamnyanyua kama gunia wakamtupia kwenye kirikuu, huku mtu anammwagia maji usoni. Boksi la huduma ya kwanza lilikuwa na panadol na bandeji moja imegeuka njano. Njiani yakazuka mabishano kama tupitie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, kwanza au twende moja kwa moja, mwisho mmoja akashuka na bodaboda kuifuata. Daktari alipomwona kisigino cha kulia kimepasuka akaagiza mgongo upigwe picha hapo hapo, akatuambia mtu akidondokea visigino kishindo kinapanda juu, lazima uti wa mgongo uangaliwe. Kweli, pingili moja ilikuwa imebonyea. Akauliza mlimbeba vipi. Tukanyamaza wote. Bahati ya Dogo ni kwamba neva hazikuguswa, na hiyo ni bahati tu, hakuna aliyeifanyia kazi. Unachotakiwa ni kutomgusa kama hakuna hatari nyingine pale, mtu mmoja amtulizie kichwa, mwingine apige simu, na kama lazima ahame basi alale juu ya ubao bapa, watu wengi, anyanyuliwe kwa pamoja. Mbao tulikuwa nazo saiti nzima. Hakuna aliyewaza.

Majengo yanayodondoka tunayakumbuka. Lile la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi, Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, watu 36, na lile la Kariakoo Novemba 16, 2024, kila mtu anajua alikuwa wapi siku hiyo. Waziri anakuja, kamati inaundwa. Huyu wa mmoja mmoja anayedondoka toka ubao uliosogezwa Jumatano asubuhi hana kamati. Ana ripoti ya mistari minne.

Ripoti yenyewe ilikuwa na kazi yake, nilikuja kuelewa baadaye. Kandarasi alikuwa anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ule ulioanza kazi 2015, anayechangia ni mwajiri peke yake na mfanyakazi hakatwi kitu. Ila alikuwa anatuchangia sisi saba. Ajali ikitokea mwajiri anatakiwa aitaarifu WCF ndani ya siku saba, na akimpeleka Dogo kule ataulizwa huyu mbona hayupo kwenye orodha yako, na wengine arobaini wako wapi? Kwa hiyo ikasemwa Dogo sio wetu, ni wa sabu. Sabu akasema sio wangu, ni wa fundi. Fundi akasema mimi mwenyewe kibarua. Bosi akatoa laki mbili ya "pole", akaona ameyamaliza. Siku saba zikapita, mwezi, miezi mitatu.

Aliyeamka ni dada yake Dogo, anauza mitumba, hana shule kubwa lakini anauliza. Alienda kuuliza ofisi ya kazi, akauliza na WCF, akarudi na vitu viwili. Kwanza dai lina miezi kumi na mbili toka siku ya ajali, muda upo. Pili, kwamba kutokuwa na mkataba wa karatasi hakumalizi mchezo, Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 kifungu cha 61 kinaangalia kama mtu alikuwa anafanya kazi chini ya maelekezo yako, kwa saa ulizopanga wewe, kwa vifaa ulivyompa wewe. Akanipigia. "Kaka, nasikia wewe ndo unatoa vifaa. Hivyo vifaa mdogo wangu alikuwa anapewa na nani, na kuna sehemu imeandikwa?"

Imeandikwa. Kaunta buku ya stoo. Kila asubuhi, tarehe, jina, ndoo moja, karai moja, sahihi. Siku kumi na moja za Dogo zote zimo, na Jumatano ile ipo, ndoo moja, saa moja kamili, ameandika jina lake kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la pili. Safu ya kurudisha haina kitu. Nilikuwa nalitunza lile daftari kwa sababu ya woga ule ule wa mikanda, ndoo isije kupotea nikakatwa mimi.

Nilipiga picha kurasa zote nikamtumia, na nikaandika maelezo mapya ya kile nilichokuwa nimesaini, safari hii kurasa tatu, na jukwaa, na seremala, na mlinzi, na dirisha. Mwisho wa mwezi sikuwa na kazi. Dai likafunguliwa mwezi wa tano toka ajali, likazunguka, likakubaliwa. Matibabu yaliyobaki yalilipwa na fidia ya kisigino akapata. Anatembea, anachechemea kukiwa na baridi, juu hapandi tena.

Seremala hakuna aliyemfidia. Hakudondoka kwa hiyo hayupo kwenye fomu yoyote. Alirudi kazini siku ya tatu, akawa hapiti kwenye ubao bila kuugonga gonga kwa mguu kwanza, hata ubao uliolala chini kwenye mchanga, vijana wakaanza kumwigiza. Jioni akawa anakunywa, na alikuwa sio mnywaji. Siku moja alinishika mkono getini akaniambia "mimi nilisema lakini, nilimwambia mzee." Nikamwambia najua kaka. Hiyo ndo huduma yote ya kisaikolojia iliyotolewa kwenye ile saiti, toka kwa mtunza stoo, getini, dakika mbili. Baada ya mwezi hakuonekana tena.

Huku niliko sasa nilikubali kazi kwa sharti moja, kwamba kifaa cha usalama kikipotea sikatwi. Bosi mpya alishangaa, akapiga hesabu, akakubali. Mikanda kumi na miwili, ya mwili mzima yote, inaning'inia kwenye misumari chini ya ngazi, nje ya stoo, unachukua bila kusaini wala kuomba. Jukwaani hapandi mtu mpaka mzee mmoja anayeitwa fundi jukwaa aligonge na kulizunguka, asubuhi, na tena kama usiku palikuwa na zege, halafu anafunga kitambaa cha kijani kwenye mrunda wa kwanza, na ukitoa ubao hata kwa dharura unaondoka na kitambaa chake. Sio ufundi mkubwa. Vijana wengine bado hawavai, wengine wanavaa wakiniona tu, na kuna mmoja kauvaa kichwa chini miguu juu siku nzima na hakuna aliyemwambia.

Mpaka sasa imepotea miwili. Mmoja hatujui ulikoenda. Wa pili tuliukuta nyumba ya tatu toka saiti, umefungiwa mbuzi.